Mita 60 Kutoka Wapi?

Leo tuzungumze juu ya ardhi ya ufukoni, hasa ufuko wa Ziwa Victoria. Viwanja vinavyolitazama ziwa vinanunuliwa kwa kasi, kuta zinapanda, na sheria inayopaswa kuuongoza ujenzi huo ina tundu ambalo nyumba nyingi zimeshapita. Wengi mnaijua sheria hiyo kwa jina moja tu: mita 60. Dalali anaitaja, mwenyekiti wa mtaa anaitaja, afisa mazingira anaitaja, na siku wakija na rangi nyekundu kuandika X ya bomoabomoa ukutani, hiyo ndiyo wanayokusomea. Swali langu leo kwa wanaonunua, kwa wanaopima na kwa madiwani wetu ni fupi: mita 60 kutoka wapi?

Sheria zenyewe hazina utata katika namba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari au wa ziwa, ukingo wa mto au bwawa. Miaka mitano kabla yake, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, ilikwisha kuihesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufuko wa ziwa kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Ya kwanza inalinda mazingira, ya pili inamlinda mtu asijenge pahala patakapomdhuru, na zote mbili zimekubaliana. Ubishi unaanza mtu anaposhika tepu na kutafuta pa kuiwekea sifuri. Anaiweka pale maji yalipo siku hiyo. Hapo ndipo kosa linapozaliwa, kwa sababu Ziwa Victoria halikai mahali pamoja.

Tutazame historia ya maji haya, kwa sababu imeandikwa. Pale Jinja, Mto Nile unapotoka ziwani, kimo cha maji kimekuwa kikisomwa tangu enzi za mkoloni. Mwishoni mwa mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, ilinyesha mvua ambayo wazee wa kanda nzima ya ziwa bado wanaisimulia. Mvua ile na zilizofuata zililipandisha ziwa takriban mita 2.5 hadi kufikia Mei 1964. Baada ya hapo likawa linashuka na kupanda kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mwaka 2006 lilishuka sana. Ukame ulichangia, na yalichangia pia maji mengi yaliyoachiwa kupitia mabwawa ya Nalubaale na Kiira kule Jinja kwa ajili ya umeme. Mialo mingi ikajikuta mbali na maji, na ardhi tambarare yenye udongo mzuri ikajitokeza pale ambapo mitumbwi ilikuwa inaelea. Kisha zikaja mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma karibu mita 13.42, kikaipita kwa unywele tu rekodi ya Mei 1964. Kati ya kimo kile cha 2006 na hiki cha 2020 kuna zaidi ya mita 2.5 za maji. Miaka 14 tu imetosha.

Mtu anaweza kuuliza, ziwa kubwa namna hii, kilomita za mraba zipatazo 68,800, linawezaje kupanda na kushuka upesi hivyo? Jibu liko juu ya vichwa vyetu. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia katika Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Kagera, Mara, Simiyu na Nzoia inaleta sehemu iliyobaki. Na maji mengi yanaondoka kwa mvuke, mengine kwa Nile. Kwa hiyo misimu miwili ya mvua nyingi mfululizo inatosha kulipandisha, na ukame wa miaka michache unatosha kulirudisha. Hii ndiyo tabia yake. Ilikuwa hivi kabla ya kuwapo hatimiliki, na itaendelea kuwa hivi.

Sasa tuifanye hesabu ya ufukoni, na naomba mnisikilize hapa kwa makini kwa sababu hesabu hii ndiyo kiini cha maneno yangu yote. Chukua ufuko wa miamba, kama ule wa Capri Point hapa Mwanza, ambako ardhi inapanda kwa ghafla. Maji yakiongezeka mita 2.5, yatasogea hatua chache tu kuelekea nchi kavu. Mita 60 mahali kama pale ni nyingi sana kwa suala la mafuriko. Kisha chukua ufuko tambarare, ambako ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 40 unazotembea. Maji yale yale yakipanda mita 2.5, yatasafiri mita 100 kuingia nchi kavu. Aliyepima mita 60 zake kwa uaminifu mwaka 2006, akapata kibali, akachimba msingi na kuhamia na wanawe, mwaka 2020 alikuwa na maji hadi mita 40 nyuma ya nyumba yake. Hakuvunja sheria. Alipimiwa sawasawa, na tepu ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni mahali ilipoanzia.

Wengine watasema basi namba iongezwe. Tuwatazame jirani zetu. Uganda, kwa kanuni zao za mwaka 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fuko za maziwa, wameweka mita 200 kwa maziwa makubwa, Victoria likiwamo, na mita 100 kwa maziwa mengine. Rwanda wameweka mita 50 kwa maziwa. Burundi wameweka mita 150 kwa Ziwa Tanganyika. Sisi 60. Na bado mwaka 2020, pamoja na zile mita 200 za kwenye kanuni, hoteli na nyumba za Entebbe, Munyonyo na Ggaba ziliingiliwa na maji, kwa kuwa zilikuwa zimejengwa ndani ya eneo lililokatazwa. Mwezi Aprili mwaka huo visiwa vya mafunjo vilivyong'oka ufukoni vilielea hadi kwenye bwawa la Nalubaale, kimojawapo kikaziba mitambo na nchi nzima ikakosa umeme. Kuongeza namba, wasikilizaji, bila kusema inaanzia wapi na bila mtu wa kuisimamia, ni kuandika tu.

Kipimo ninachokipigania ni cha kimo. Mpaka wa ujenzi uanzie kwenye kimo cha juu kabisa ambacho ziwa limewahi kufika, kile cha 2020 au kama limepanda zaidi ya hapo basi hicho, na mita 60 zihesabiwe kuanzia hapo kwenda nchi kavu. Hili halihitaji elimu mpya. Mpima yeyote mwenye vifaa vyake vya kawaida anaweza kukifuata kimo kimoja kuzunguka ghuba nzima, akapigilia nguzo za zege, na nguzo hizo zikaonekana na kila mtu, awe amesoma au hakusoma. Kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka 2006 zinatumia wazo la namna hii kwa kingo za mito: zinaanza na mafuriko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa.

Kenya wana mfano mwingine mkongwe zaidi, na ni wa ziwa. Naivasha, tangu mwaka 1933, yapo makubaliano kati ya serikali ya wakati ule na wamiliki wa ardhi zinazopakana na ziwa. Mstari ulichorwa kwa kimo, futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, yaani takriban mita 1,893. Chini ya mstari huo mtu aliruhusiwa kulima na kulisha mifugo maji yanapokuwa yamerudi nyuma, lakini asijenge jengo la kudumu. Wale watu walikwisha kuliona ziwa likija na kuondoka, wakakubali kuishi nalo hivyo. Busara ile ilipowekwa kando na makazi yakateremka kwenye ardhi ya chini, matokeo yalionekana katika mtaa wa Kihoto: mafuriko ya 2020, na tena ya 2025, familia zikihama huku zikiacha nyumba zao majini. Mstari mzuri ulikuwapo kwa karibu miaka 90. Haukuheshimiwa.

Na si Victoria na Naivasha peke yake. Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 lilikuwa juu sana kwa sababu mlango wake wa kutokea, Mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na tope na mimea. Mwaka 1878 kizuizi kile kilivunjika, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana leo ukienda Ujiji, pale panapokumbukwa kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, unasimama mbali na maji, ingawa wakati ule ufuko ulikuwa karibu. Katika miaka hii ya karibuni ziwa hilo limepanda tena, na wakazi wa Kigoma, Uvira, Kalemie na Bujumbura wamepoteza nyumba, barabara na maghala. Ukiwauliza watu wa Gatumba, pale mpakani mwa Burundi na Kongo, watakueleza maana ya kujenga kwenye ardhi ambayo ziwa na mto vinaidai.

Nimesema vya kutosha juu ya mstari. Lipo jambo la pili, nalo linaleta ugomvi zaidi: nyuma ya mstari huo tujenge nini, na waishi watu wangapi?

Maafisa ardhi wetu wanagawa viwanja kwa ujazo. Ujazo mkubwa ni viwanja vidogo vyenye watu wengi; ujazo mdogo ni viwanja vikubwa vyenye familia moja moja, bustani na geti. Mgawanyo huu una asili yake, na si asili ya kujivunia. Wajerumani walipoipanga Dar es Salaam, kanuni zao za ujenzi za mwaka 1914 ziligawa mji katika kanda tatu, na Waingereza wakaendeleza: uzunguni, uhindini, uswahilini. Uzunguni kulikuwa na upepo wa bahari na nyumba zilizoachana; uswahilini watu walibanana. Miji yetu mingi ilirithi ramani hiyo, ikabadilisha majina ya kanda tu. Mwanza nayo, ardhi ya kando ya maji yenye mandhari nzuri ikawa ya ujazo mdogo, na watu wengi wakapanda milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo, wakajenga kati ya mawe makubwa kwa mikono yao wenyewe. Leo wilaya za jiji hili, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja, kwa Sensa ya 2022, zina watu zaidi ya milioni 1.

Imani iliyozoeleka maofisini ni kwamba ujazo mdogo ufukoni unalilinda ziwa. Familia chache, miti mingi, uchafu kidogo. Inasikika vizuri, nami sikubaliani nayo. Nyumba ya kifahari isiyo na bomba la majitaka ina shimo. Shimo hilo linajaa, maji yake yanazama ardhini, na kwenye ardhi ya kichanga au yenye mwamba uliopasuka yanatembea kwa urahisi kuelekea ziwani. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi nayo yanapanda, na shimo lililochimbwa kwenye udongo mkavu sasa limekaa ndani ya maji. Hakuna ukuta wala geti linalozuia hilo. Virutubisho vya kwenye majitaka ndivyo vinavyolisha mwani wa kijani unaofunika ghuba zetu na magugumaji ambayo tangu yalipoingia ziwani, mwishoni mwa miaka ya 1980, yametugharimu nyavu, mitambo na nguvu za watu.

Swali la kuuliza basi si watu wangapi wanakaa katika hekta moja. Ni wangapi kati yao wameunganishwa na bomba. Milimani, pale ambapo gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita, mvua kubwa ilikuwa inateremsha kila kitu hadi Mto Mirongo na Mirongo ukakifikisha ziwani. Ikaanzishwa kazi ambayo naiona kuwa miongoni mwa kazi bora zilizofanyika katika jiji hili: mfumo wa mabomba membamba ya majitaka, yanayopitishwa juu juu kati ya nyumba na nyumba, yakifuata mteremko wa mlima na kukwepa mawe, Mabatini, Igogo na Kilimahewa. Hakuna mtambo mkubwa pale juu. Mlima wenyewe ndio unaosukuma. Familia iliyobanana kwenye vyumba viwili vya mlimani, ikiwa imeunganishwa na bomba lile, inalidhuru ziwa kidogo kuliko jumba la vyumba vinane lenye shimo lake mita 70 kutoka kwenye maji.

Tufanye mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Ukiigawa kwa viwanja vya mita za mraba 2,000, unapata familia 5, mashimo 5, na barabara inayohudumia familia 5. Kulifikisha bomba la majitaka kwa familia 5 ni ghali kiasi kwamba mamlaka ya maji haitafika pale leo wala kesho. Sasa hekta ile ile, nyuma ya mstari wa kimo niliousema, ijengwe majengo matatu ya ghorofa nne, yakae familia 60, na katikati pabaki uwanja na miti. Bomba lile lile, gharama yake inagawanywa kwa 60. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tunayo tangu 2008, kwa hiyo kila familia inaweza kuwa na hati ya nyumba yake humo ghorofani, ikaweka rehani, ikarithisha. Watu 300 wanapata upepo wa ziwa badala ya 25.

Najua linalosemwa dhidi ya hili, na ni la kweli. Ghorofa likijengwa kabla ya bomba, madhara ni makubwa kuliko ya jumba lolote. Familia 60 juu ya shimo moja ni balaa. Tumeona karo zikifurika barabarani katika miji yetu, na tunajua kipindupindu kinaanzia wapi. Kwa hiyo mpangilio lazima uwe huu na usigeuzwe: bomba kwanza, kibali cha ghorofa baadaye. Asiwepo mwekezaji wa kuandikiwa barua ya ahadi kwamba bomba litakuja. Na mahali ambapo bomba haliwezi kufika kwa miaka mingi ijayo, basi pasiruhusiwe makazi mapya karibu na maji kabisa, yawe ya ujazo mkubwa au mdogo, ya tajiri au ya maskini.

Nalisema kwa nguvu kwa sababu maji tunayokunywa yanatoka humo humo. Chanzo cha maji cha Capri Point kimelinywesha jiji hili kwa miaka mingi. Sasa upo na mtambo wa Butimba, wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 48 kwa siku. Mabilioni yametumika kuyasafisha maji ya ziwa. Kila shimo linalovuja ufukoni linaongeza gharama ya dawa na ya umeme katika mitambo ile, na gharama hiyo inarudi kwenye bili ya mama wa Nyakato ambaye hajawahi hata kukaribishwa katika nyumba hizo za ufukoni.

Ufuko wenyewe nao, ile ardhi iliyo kati ya nguzo na maji, una kazi. Wapo wanaodhani kuilinda ni kuiacha tupu. Ardhi tupu katika mji unaokua haikai tupu. Anaanza mmoja na uzio wa miti, akaweka banda la kuku, likafuata banda la mlinzi, choo, baadaye ukuta wa matofali, na siku moja mtaa unaamka haupo mlango wa kwenda ziwani. Bandubandu huisha gogo. Ufuko unalindwa na watu wanaoutumia kila siku. Mwalo uwepo, kwa sababu mvuvi hawezi kuvua kutoka mlimani. Vichanja vya kuanikia dagaa viwepo. Kifungu cha 57 kinazungumzia shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ufuko. Mtumbwi na kichanja si nyumba ya zege. Mafunjo na matete yaachwe yasimame pale yalipo, kwa kuwa ndiyo yanayochuja tope na uchafu kabla haujaingia ziwani, na sato wanataga na kulea watoto wao katika maji ya kina kifupi kama hayo. Kule Dunga, kando ya Kisumu, wanakijiji wamejenga njia ya mbao kupita katikati ya mafunjo, wageni wanalipa kuingia kutazama ndege, na wavuvi wanaendelea na kazi yao pembeni. Pale mafunjo yana wenyewe, na mvamizi akija anaulizwa.

Kila mtaa unaopakana na ziwa uwe na njia ya wazi ya kufika majini, imechorwa kwenye ramani ya mipango miji na ina upana wa kupita mkokoteni. Hili tulidai kwa sauti moja. Wanawake wanaochota maji, vijana wanaojifunza kuogelea, waumini wanaobatiza, wazee wanaopunga upepo jioni, hao wote wana haki na ziwa hili sawa na mwenye hati. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anayepewa hati anapewa haki ya kutumia kipande chake kwa miaka 33, 66 au 99. Haki hiyo haijumuishi kuwafungia wengine ziwa.

Sasa nije kwenye lililo gumu kuliko yote, nalo ni nyumba zilizokwisha kujengwa. Bomoabomoa ya miji yetu ina sura tunayoifahamu. Inaanza kwa mama ntilie, inaendelea kwa mvuvi mwenye nyumba ya mabati, na ikifika kwenye geti la chuma inapata dharura na kusimama. Ikiwa mstari ni wa kimo, na nguzo zimepigiliwa kwa kufuata maji, basi nguzo hazijui nani ni nani, na utekelezaji nao usijue. Lakini haki haiishii hapo. Yupo mtu aliyekwenda ofisi ya ardhi, akalipa ada zote, akapimiwa, akawekewa bikoni, akapewa hati ndani ya eneo ambalo sheria ya nchi ilikwisha kulikataza. Huyu alidanganywa na mkono uleule wa umma. Alipwe fidia kamili, na afisa aliyesaini awajibishwe kwa jina lake. Tofauti na yeye, aliyejenga usiku, akajaza vifusi majini ili kuongeza kiwanja, huyo alijua anachofanya, na fidia ya kumlipa haipo. Kati ya hawa wawili kuna maelfu waliouziwa kwa karatasi ya mauziano tu iliyoshuhudiwa mtaani. Hao wapewe viwanja mbadala, karibu na kazi zao, kabla tingatinga halijawashwa. Mvuvi ukimhamishia kilomita 15 kutoka mwaloni, umemwondoa kwenye uvuvi, na wiki mbili baadaye atakuwa amerudi na turubai.

Kwa wewe unayetaka kununua kiwanja cha ufukoni mwezi huu, nakuomba usiishie kumwamini dalali wala karatasi ya mtaani. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uombe kuona mchoro wa eneo lile, na uulize ardhi ile imepangiwa matumizi gani. Mtafute mpima anayejitegemea akusomee kimo cha kiwanja chako na umbali wake kutoka mahali maji yalipofika 2020. Mtafute pia mzee aliyezaliwa pale kabla ya Uhuru, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 1964. Wazee hao bado wapo, hawatakuwapo muda mrefu, na alama wanazozijua, mti fulani, jiwe fulani, hazimo kwenye hati yoyote. Halmashauri ingewatuma vijana wake wakawasikilize na kuziandika alama hizo sasa hivi.

Na kwa madiwani wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Bunda, Musoma, Bukoba, Geita na Sengerema, na wale wa Kigoma upande wa Ziwa Tanganyika: mipango kabambe ya miji yenu hupitiwa upya, matangazo ya kubadili matumizi ya ardhi hubandikwa, na vikao vya baraza lenu ni vya wazi. Pitisheni sheria ndogo inayotaja kimo. Tengeni fedha za nguzo katika bajeti ijayo. Wananchi nao waje wakae kwenye viti vya wasikilizaji siku hoja hiyo inapojadiliwa, wasikie nani anaiunga mkono na nani anaipinga. Kuizungushia ghuba moja nguzo za zege ni kazi ya wapima wachache kwa msimu mmoja wa kiangazi, na gharama yake haifikii ile ya kuwahamisha watu wa mtaa mmoja maji yakishaingia ndani.